Ami wa Ndege Ajibu: Kokatieli Amekuwa Mkali

SWALI: Ami, assalaam aleikum. Nina kokatieli dume, yule kasuku mdogo mwenye shungi, wa kijivu, uso wa manjano. Kaka yangu aliniletea kutoka Mombasa. Alikuwa mpole, sasa amebadilika. Nikitoka chumbani hupiga kelele mpaka majirani wanalalamika. Nikitia mkono tunduni huniuma hadi damu. Na usiku wa manane hushtuka, akajibamiza kwenye nyaya za tundu, asubuhi nikakuta manyoya chini. Shemeji yangu ananiambia nimpige kidogo mdomoni na mchana nimfunike kitambaa. Nifanyeje?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usimpige. Nakuomba hilo kabla ya mengine yote. Kokatieli ana uzito wa gramu 80 hadi 100 hivi. Kofi lililo dogo kwako kwake ni kubwa, wala hatajua amepigiwa nini. Atakachoshika ni kwamba mkono unaumiza, na huko kuuma unakokulalamikia kutazidi.

Nianze na usiku, kwa sababu ndege asiyelala vizuri huamka mkali. Kokatieli ni wa jamii ya kasuku wenye shungi kutoka Australia, na kwao huishi kwa makundi katika nyanda kavu. Akishtuliwa gizani huruka papo hapo, haoni anakokwenda, hugonga nyaya. Kasuku wa aina hii wanajulikana sana kwa mshtuko huo wa usiku. Na mji wetu una vya kumshtua: paka wanaopita madirishani na juu ya kuta, mjusi kafiri ukutani, punda anayelia kichochoroni. Tundu lako liko wapi? Kama liko dirishani, liondoe leo. Liweke ukumbini, upande mmoja umegusana na ukuta, juu kiasi cha kifua chako. Mwachie taa ndogo hafifu usiku kucha ili akishtuka akione kijiti chake. Ondoa kengele na kamba zinazoning'inia. Akianza kujibamiza, usitie mkono. Ongeza mwanga polepole, sema naye kwa sauti ya chini mpaka atulie, kisha mtazame mabawa. Nyoya changa likivunjika hutoka damu. Bonyeza kwa kitambaa safi, na damu isipokoma, tafuta daktari wa mifugo upesi.

Kisha hesabu saa zake za kulala. Anahitaji 10 hadi 12. Jua la Lamu linazama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, lakini mkiwasha taa na televisheni hadi saa 5, kwake bado ni mchana. Siku ndefu namna hiyo pia humwamshia tamaa ya kujamiiana na kulinda eneo lake, na dume wa hali hiyo huuma. Jambo hili wengi hawalihesabu, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako.

Kelele za ukitoka chumbani ni wito. Kundini, ndege asiyemwona mwenziwe humwita, naye mwenziwe huitika. Kundi lake ni wewe. Chagua mluzi mmoja mfupi, na kila unapotoka, mwitikie kwa mluzi huo kabla hajapandisha sauti. Akipiga mayowe, usirudi mbio wala usimfokee, maana kufokewa nako ni kuitikiwa. Ngoja anyamaze hata kwa pumzi chache, ndipo uingie. Siku za mwanzo kelele huenda zikazidi. Watu wa nyumbani wote washike njia moja, akiwemo shemeji. Kumfunika mchana ni kumwongezea upweke, tena hakumfundishi kitu.

Kuhusu kuuma, msome shungi. Likilala bapa kichwani, naye anafoka kama nyoka na mdomo wazi, amekwisha kukuambia usikaribie. Rudisha mkono taratibu. Likisimama wima, ameshtuka au anachunguza. Akisaga mdomo wake kwa sauti ndogo jioni, ametulia anataka kulala. Je, mlikuwa mkimkamata kwa leso? Basi anza upya: shikilia suke la uwele nje ya tundu, aje mwenyewe. Akizoea, weka kidole chini ya kifua, juu ya miguu, apande. Dakika chache tu, mara kadhaa kwa siku, nawe uache kabla hajachoka. Mkune kichwani na shingoni peke yake. Kumpapasa mgongo kunamwashia tamaa za msimu wa kujamiiana.

Mbegu tupu hazitoshi. Mpe mchicha, karoti, boga. Parachichi kamwe, ni sumu kwake. Na mkifukiza udi, mhamishe kwanza chumba kingine chenye hewa, maana mapafu yake hayastahimili moshi. Hata kikaango kisichoshika chakula, kikiungua, mvuke wake huua ndege.

SWALI: Ami, wangu ni jike, hana dume, lakini anataga mayai sakafuni mwa tundu na kunifukuza. Niyatoe?
Msomaji, Malindi

JIBU: Usiyatoe upesi, mwanangu, ukiyatoa hutaga mengine kufidia, na kila yai linamnyonya chokaa mwilini. Mwachie ayaatamie mpaka ayachoke mwenyewe, yapata wiki tatu. Hayataangua. Ondoa kioo na kila kiboksi au pembe yenye giza, funika tundu mapema jioni, na mwekee ule mfupa mweupe wa dome, jamii ya ngisi, unaookotwa ufukweni, baada ya kuuosha na kuuanika. Ukimkuta amekaa chini, amejivimbisha manyoya, anasukuma na mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, yai limekwama. Hapo usingoje kesho. Mweke mahali penye joto, mpigie daktari wa mifugo simu kwanza umwambie ni ndege anayetaga, kisha uondoke naye.