Ukitaka klabu yako ya mashabiki idumu, mtafute kwanza mjibu barua

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa klabu ndogo ya mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu safari za anga za juu, na klabu ile ilifia mikononi mwangu. Fedha hazikutuishia, wala hatukugombana. Barua za wageni zilikuwa zikiingia kwenye droo yangu na hazitoki. Moja bado ninayo: kurasa mbili, mwandiko wa mtoto wa shule, na pembeni amechora kwa penseli Enterprise, chombo cha anga cha tamthilia hiyo, chenye injini tatu badala ya mbili. Alikuwa na swali moja tu. Je, anaruhusiwa kujiunga kama hajautazama msimu wa kwanza? Nilimjibu baada ya miezi saba. Hakuandika tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya klabu za mashabiki wa tamthilia hii kule Marekani ilikozaliwa, nikitafuta jambo moja: wenzetu waliwezaje? Wewe unayetaka kuanzisha klabu, ya tamthilia yoyote ile, nakuomba unisikilize kabla hujachora nembo na kugawa vyeo.

Wengi wakisimulia historia hii huanza na kampeni ya barua, na kweli kisa chenyewe kinasisimua. Star Trek ilianza kuonyeshwa na NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966. Mwishoni mwa 1967 uvumi ukaenea kwamba msimu wa pili ndio wa mwisho. Bjo Trimble, shabiki wa tamthilia hii, na mumewe John wakashika kalamu. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: andika barua yako mwenyewe, kisha waombe watu kumi waandike, na kila mmoja wao aombe wengine kumi. Januari 1968 wanafunzi wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, waliandamana hadi studio za NBC huko Burbank, jimboni humo. Kwa hesabu ya NBC yenyewe, barua zilizidi 115,000 katika miezi michache tu. Tarehe 1 Machi 1968, kipindi kilipomalizika, sauti ilitangaza hewani kwamba Star Trek itarudi, na watazamaji wakaombwa waache kuandika. Wakaandika tena, safari hii kushukuru!

Hapo kuna funzo moja la kazi ninalolirudia kwa kila anayeniuliza. Usikusanye saini. Karatasi yenye saini mia tano ni karatasi moja mezani kwa mkubwa, lakini barua mia tano, kila moja na maneno yake, zinahitaji mtu wa kuzifungua.

Hata hivyo ushindi ule haukudumu. Msimu wa tatu ulisukumwa hadi Ijumaa saa nne usiku, wakati ambao vijana wengi hawako nyumbani, na bajeti ikakatwa. Kipindi kipya cha mwisho kilionyeshwa tarehe 3 Juni 1969, jumla vipindi 79. Klabu ambayo kazi yake yote ilikuwa kupigania tamthilia isifutwe ingebaki na nini siku ya tarehe 4? Kwangu mimi historia yenyewe inaanzia hapa, kwenye miaka ambayo hapakuwa na kipindi kipya cha kungojea, ila marudio kwenye vituo vya mijini.

Kilichowashikilia pamoja ni kazi za mikono. Mapema sana, Septemba 1967, Devra Langsam na Sherna Comerford walikuwa wametoa Spockanalia, kijarida cha kwanza cha mashabiki kilichohusu Star Trek peke yake. Vijarida vya wakati huo vilichapwa kwa mashine za kurudufu, na wahariri wengi walikuwa wanawake. Nilitaka kuijua kazi hiyo, nikaazima mashine moja kuukuu nikajaribu. Unapiga chapa kwenye stensili ya nta bila utepe wa wino, herufi zikitoboa njia. Ukikosea herufi moja unapaka dawa ya kuziba, unangoja ikauke, unapiga tena juu yake. Kisha unazungusha mkono wa mashine, karatasi moja moja, na wino unakuingia chini ya kucha hadi kesho yake. Lakini sehemu iliyonifungua macho ilikuwa ya mwisho. Kurasa zinapangwa kwa marundo kuzunguka meza, na watu wanazunguka wamefuatana, kila mmoja akiokota ukurasa kutoka kila rundo mpaka kijarida kikamilike, kisha kinabanwa pini. Tulikuwa wanne. Kwa saa mbili za kuzunguka meza ile niliwafahamu wale watatu kuliko nilivyowafahamu wanachama wangu kwa miaka sita ya mikutano ya ajenda.

Kwa hiyo mwanachama mpya usimpe kadi tu, mpe kitu cha kufanya wiki hiyo hiyo.

Mkusanyiko mkubwa wa kwanza ulifanyika New York, Januari 1972, katika hoteli ya Statler Hilton. Waandaaji walitegemea watu mia kadhaa, wakaja zaidi ya 3,000. Gene Roddenberry, muundaji wa tamthilia, alikuwepo, na mwandishi Isaac Asimov pia, na NASA, shirika la anga la Marekani, ilileta vifaa vyake vya maonyesho. Mengi yameandikwa kuhusu siku zile nami sina la kuongeza, isipokuwa hili: tamthilia ilikuwa imekwisha kufutwa kwa zaidi ya miaka miwili.

Sasa fikiria wingi ule wa watu, kila mmoja akitaka kujua klabu iliyo karibu naye, kijarida kinauzwa wapi, mwigizaji fulani anaandikiwa kwa anwani ipi. Nani anajibu? Mwaka huo huo wa 1972 Jacqueline Lichtenberg alianzisha Star Trek Welcommittee, jina linalounganisha neno la kukaribisha na neno kamati. Haikuwa klabu. Walikuwa watu wa kujitolea, waliotawanyika majimboni, na kazi yao ilikuwa kujibu maswali ya wageni kwa posta na kuwaelekeza kwenye klabu na vijarida. Uliombwa uambatanishe bahasha yenye anwani yako na stempu, basi. Walitunza pia orodha ya klabu na kuitoa ikiwa imesahihishwa.

Niliposoma habari za kamati hii niliifungua ile droo yangu nikakaa nayo mapajani kwa muda mrefu. Nilikuwa nikiamini kazi ya katibu ni kumbukumbu za vikao. Watu hawa walikuwa wameona kwamba mgeni anayeuliza swali dogo yuko mlangoni, na mlango una dakika chache tu. Ukichelewa anaondoka bila kugombana na mtu, na wala hutajua umempoteza nani.

Ushauri wangu basi: kabla ya mwenyekiti, chagueni watu wawili wa kujibu. Wawili, ili mmoja akiugua mwingine aendelee. Wasiwe na kazi nyingine yoyote. Swali lijibiwe ndani ya wiki, hata kama jibu ni "nalitafuta". Na mwenye kujibu asimpime mgeni kwa anachokijua. Yule mtoto wa injini tatu alihitaji sentensi moja: karibu, msimu wa kwanza utautazama ukiwa nasi.

Nguvu ya watu waliokaribishwa vizuri huonekana baadaye. Mwaka 1976 mashabiki waliandika tena kwa wingi, safari hii serikalini, na chombo cha kwanza cha majaribio cha anga cha NASA cha aina ya shuttle, kilichokuwa kiitwe Constitution, kikapewa jina la Enterprise. Kilipotolewa bandani huko Palmdale, California, tarehe 17 Septemba, Roddenberry na waigizaji kadhaa wa tamthilia walisimama mbele yake.

La mwisho ni la karatasi. Andika tarehe kwenye kila kitu klabu yako inachotoa, mwaka ukiwemo, na weka nakala moja mahali pasipo nyumbani kwa kiongozi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Iowa inahifadhi maelfu ya vijarida vya mashabiki kwa sababu kuna watu waliovitunza miaka yote hiyo badala ya kuvitupa walipohama nyumba. Barua za klabu yangu nimezipanga upya, za zamani chini, na ile yenye mchoro wa penseli ipo juu kabisa, pamoja na bahasha yake.