Nondo wa Bustani: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Nimetundika shuka jeupe nyuma ya nyumba na balbu ya LED mbele yake, nipate kuwaona nondo wa bustani. Wanaokuja ni wadudu wa ziwani tu, hadi shuka linageuka jeusi. Nakosea wapi? – Msomaji, Dunga, Kisumu

JIBU: Anza na balbu. LED ya nyumbani haitoi miale ya urujuanimno (UV, isiyoonekana kwa macho) ya maana, na nondo huvutwa hasa na miale hiyo. Tafuta tyubu ya buluu ya mashine za kunasia nzi buchani. Ya wati 18 huingia kwenye fremu ya kawaida ya futi 2. Usiuziwe ile ya kuulia vijidudu, yenye kioo kinachoonyesha hadi ndani: huunguza macho na ngozi.

Wadudu wa ziwani ni balaa jingine, maana hufumuka kwa wingi mwezi unapoandama, usiku ule ule wa giza unaowafaa nondo. Hapo zima taa, tega chambo. Chemsha robo kilo ya sukari nguru kwa glasi moja ya maji, iache ipoe kabisa (moto huua hamira), kisha ponda humo ndizi 4 zilizoiva hadi maganda meusi na utie hamira kidogo. Funika kwa kitambaa siku 2. Ukikaza kifuniko, chupa itapasuka. Jua likizama, paka shina la mwembe usawa wa kifua. Rudi na tochi hafifu, utazame nondo watoboa-matunda: wakitulia ni kahawia tupu, wakifunua mabawa, ya nyuma ni rangi ya chungwa yenye madoa meusi.

Wale wakubwa wenye alama za macho mabawani hawaji kwenye chambo. Wakishapevuka hawali chochote, basi wasubiri kwenye taa.

SWALI: Kiwavi mnene wa kijani, mwenye pembe nyuma, anamaliza majani ya viazi vitamu. Nipulize dawa? – Msomaji, Mumias

JIBU: Wakiwa wachache, waokote kwa mkono, pembe haichomi. Akishiba hujifukia na kuwa pupa (kifuko anamogeuka nondo) ya kahawia, ala ya mrija wa kunyonyea imejikunja nje kama mkono wa birika. Ukiifukua ukilima, irudishe udongoni. Atakayetoka ni nondo wa kijivu mwenye mistari ya waridi na nyeusi ubavuni, mrija mrefu kuliko mwili wake. Jamii yake ndiyo huchavusha mipapai wakati wa machweo, kwa hiyo dawa ya viazini inaweza kukupunguzia mapapai.