Majilio yangu yalianzia kwenye daftari la oda

"Fundi, kila mwaka nasema Majilio haya nitayaishi. Nawasha mshumaa wa kwanza, wa pili siukumbuki, nikija kushtuka tunachambua mchele wa pilau. Wewe mwenzangu unafanyaje?"

Ujumbe huu kuhusu Majilio, zile Jumapili nne za kungoja Krismasi, niliupata juzi Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2024, kutoka kwa dada mmoja wa Mwanza. Ulinikuta nimesimama mlangoni mwa fremu yangu ya kushonea hapa Mbagala, Dar es Salaam, saa tisa alasiri, mikono mitupu. Mafundi wenzangu wanaelewa nasema nini. Katikati ya Desemba fundi cherehani ana pini mdomoni, simu inaita na mteja amemsimamia kichwani. Lakini asubuhi ile kwaya walishachukua sare zao zote 28, zimepigwa pasi, kila moja na jina ndani ya kola. Henga zilikuwa zinaning'inia ukutani bila nguo. Nilijisikia fahari na sioni sababu ya kuificha, maana nilikotoka nakujua mwenyewe.

Nianzie mwaka jana.

Majilio hayana urefu mmoja. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, kwa hiyo yanaweza kufika siku 28 na yanaweza kuishia 22. Mwaka 2023 yalikuwa 22: yalianza tarehe 3 Desemba na Jumapili ya nne ikaangukia tarehe 24 yenyewe. Asubuhi padre kavaa zambarau, usiku kavaa nyeupe. Mimi nilikuwa nimepanga kazi kwa kufuata mishumaa ya Majilio, mmoja kila Jumapili. Wiki ya kwanza sare za kwaya, ya pili vitenge vya kina mama, ya tatu nguo za watoto, ya nne marekebisho. Wiki ya nne haikuwepo. Nilikuwa nimeshapokea nguo 63, na advansi nilishazila.

Juu ya hapo ulikuwa msimu wa mgao wa umeme. Cherehani ya kukanyaga ninayo, ila ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, haikanyagwi. Umeme ukirudi usiku wa manane naamka, ukikatika nalala juu ya meza ya kukatia. Jumuiya, ile sala ya majirani, sikwenda hata Jumamosi moja. Misa nilikwenda mara moja, na humo nilikuwa nahesabu vifungo. Sitasimulia siku zote hizo, zinafanana.

Kosa langu halikuwa umeme. Kosa langu lilikuwa neno "njoo Alhamisi". Nililisema kwa watu ambao nilijua kabisa, mdomo ukiwa bado wazi, kwamba Alhamisi hawatakuta kitu. Mteja akija nalisogeza: "Jumamosi, mama, Jumamosi bila kukosa." Kwenye ufundi wetu tumeshalizoea neno hilo mpaka hatulioni kuwa ni uongo.

Kulikuwa na mama mmoja wa jumuiya yetu. Aliniletea satini nyeupe, mita mbili, ya binti yake wa miaka saba. Mtoto alikuwa malaika kwenye igizo la watoto kabla ya Misa ya mkesha. Kitambaa kilifika kwangu mwishoni mwa Novemba. Nilikikata tarehe 24 Desemba, saa kumi jioni.

Saa moja na nusu usiku walikuwa mlangoni. Mtoto amesukwa nywele, viatu vipya vyeupe miguuni, na juu ya viatu hivyo kavaa kigauni cha nyumbani chenye doa la mafuta. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu haifiki chini, akawa anaangalia mkono wangu. Hakulia. Saa mbili na robo nikampa gauni lisilo na upindo, zipu haijashonwa, nimebana mgongo kwa pini nne. Akapeleka kidole nyuma, akagusa pini moja, akauliza, "Anti, hizi zitatoka lini?"

Mama yake hakupandisha sauti. "Uliniambia Alhamisi, fundi. Halafu ukaniambia Jumamosi." Akalipa hela iliyobaki, yote, akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Kanisani sikwenda. Nilikuwa nafagia nyuzi niliposikia kengele, na kwenye spika "Utukufu kwa Mungu juu". Mnajua wimbo huo hauimbwi Jumapili yoyote ya Majilio, unawekwa kando usubiriwe, ndiyo maana usiku ule unalia hivyo. Mimi sikuwa nimesubiri chochote, na wimbo ukanipita kama gari la matangazo.

Januari, jumuiya, mbele ya watu wote, kiongozi mmoja akasema kwamba waongo wakubwa wa parokia hii ni mafundi cherehani, tena wanaosali. Watu wakacheka wakiniangalia. Alikuwa na haki ya kunionya, lakini angenijia nyumbani kwangu. Bado linaniuma, na sitajifanya limepita.

Sasa nimjibu dada wa Mwanza nilichofanya mwaka huu.

Nilifunga daftari. Basi. Jumamosi tarehe 30 Novemba, mkesha wa Jumapili ya kwanza, nilipiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho, oda ya 31, nikabandika karatasi mlangoni: oda za Krismasi zimefungwa. Nilikataa kazi 14 baada ya hapo, nyingine za watu wakubwa wenye hela mkononi. Mmoja aliniambia nimeanza kuringa. Hela ile niliihitaji, kodi ya fremu hailipwi kwa sala. Lakini kesho yake kwenye Injili ya Luka tukasomewa, "Jiangalieni, mioyo yenu isije ikalemewa na ulafi, na ulevi, na masumbufu ya maisha haya." Ulafi na ulevi nilikuwa nimezoea kuvisikia vikitajwa. Masumbufu ya maisha yamewekwa sentensi moja na ulevi! Mimi ambaye sijaonja hata bia nilikuwa nimelewa miaka yote hiyo.

Halafu nikatengeneza shada la Majilio, la kuwekea ile mishumaa minne. Matawi ya mvinje niliyatoa Kigamboni. Mishumaa ya zambarau sikuipata madukani, nikanunua minne myeupe nikaivisha vipande vya satini vilivyobaki chini ya meza: mitatu zambarau, mmoja waridi, nikapiga mshono wa mkono pembeni. Liko juu ya meza ya kukatia, na wateja wanauliza. Nawaambia habari ya mwanateolojia wa Kilutheri wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa analea watoto maskini. Mwaka 1839, watoto walipochoka kuuliza kila siku Krismasi lini, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya Jumapili, awe anawasha mmoja mmoja. Kwa hiyo kitu hiki kimeanza kwa ajili ya watoto waliochoka kungoja. Mimi ninaye mmoja ninayemfahamu, mwenye viatu vyeupe.

Wewe huna daftari la oda? Unalo. Kuna michango ya sherehe uliyoahidi, safari ya kwenda Moshi na zawadi za ukoo mzima, mapambo, vikao vya kamati, keki ya kumzidi jirani. Lifunge. Liandike lote kwenye karatasi, piga mstari, na chini ya mstari usiongeze kitu. Wanaokuja baada ya mstari waambie hapana na wakuone unapowaambia. Hapana ya mapema ni heshima. "Njoo Alhamisi" ni dharau.

Na kitubio, ndugu zangu, kwa nini tunasubiri tarehe 23, foleni inafika mpaka getini, padre amechoka, wewe umechoka, unataja dhambi tatu mbio mbio ukawahi soko? Nenda wiki ya pili. Mimi nimekwenda Jumanne ya wiki ya pili, tulikuwa watu watatu.

Niseme pia lile ambalo sikulitegemea. Nilidhani nikipata nafasi nitapata amani. Jumamosi ile mikono ilipokuwa mitupu, kitu cha kwanza kuja hakikuwa amani. Alikuja yule mtoto na kidole chake kwenye pini. Mwaka mzima nilikuwa na kazi nyingi za kutosha kumweka mbali. Wengi wetu tunakimbia Desemba kwa sababu hiyo hiyo, tukitulia kuna mtu atakuja. Tunamwomba Bwana aje, na njiani kwake tumeweka watu ambao hatutaki kukutana nao. Jumapili ya pili tulisomewa palipopotoka patanyoka. Panyooshwe na nani? Kuna njia ya mita mia mbili kati ya fremu yangu na nyumba ya yule mama, na sikuipita tangu mkesha ule. Nilikuwa nazunguka kwa dukani.

Usiku wa kuigiza umekaribia tena, na wiki ijayo, tarehe 24 Desemba 2024, Baba Mtakatifu wa wakati huu, Fransisko, anafungua Mlango Mtakatifu kule Roma, mwanzo wa Jubilei ya 2025, mwaka mtakatifu wa Kanisa. Tutaimba kwamba sisi ni Mahujaji wa Matumaini. Hujaji anatembea! Huwezi kuwa hujaji wa kwenda Roma na umeshindwa kuvuka barabara ya mtaani kwako. Mwenye deni alilipe sasa, mwenye ndugu asiyesemeshana naye apige simu sasa, kabla ya nyimbo, kabla ya pilau.

Jumamosi jioni nikatoa satini nyeupe, mpya, ya hela yangu. Nikafungua daftari la mwaka jana, ukurasa wake upo: kifua 24, mkono 15, urefu 29. Nikakata, nikashona mpaka saa tano usiku. Upindo nimeushona kwa mkono ili uzi usionekane. Zipu inateleza. Sijawahi kushona gauni la mtoto vizuri namna ile.

Jana ilikuwa Jumapili ya tatu, mshumaa wa waridi. Kwenye Injili watu wanamuuliza Yohane Mbatizaji, "Tufanye nini basi?" Anawajibu habari ya nguo: mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu. Nilikuwa nimelipakata lile gauni mapajani, ndani ya mfuko. Baada ya Misa nikapita ile njia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Fundi. Karibu."

Hakusema karibu ndani. Nikasema nilichokwenda kusema, mlangoni, nimesimama. Kwamba nilimdanganya mara mbili, na kwamba mwanaye niliharibu usiku wake. Alinisikiliza akipokea mfuko kwa mikono yote miwili. Akamwita mtoto, akaingia naye. Nikabaki na kuku wao uani.

Mtoto alitoka mbio, gauni likimeremeta, akasimama mbele yangu akanyoosha mikono yote miwili mbele. Mikono ya gauni ilikuwa imeishia vidole viwili juu ya kifundo, na mgongoni zipu ilikuwa imegoma katikati. Amekua. Mwaka mzima umepita, na mimi, fundi mwenye miaka 17 kazini, nimemkata kwa kipimo cha mwaka jana.

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alikuwa anacheka. "Anti, nimekua!"

Mama yake akamwangalia, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mkesha ule nikaona meno yake. "Atahitaji kupimwa upya," akasema. Nikamwambia njooni hata kesho, hata sasa hivi. Akasema kesho wana mazoezi ya igizo, keshokutwa hayupo.

"Tutakuja Alhamisi, fundi."

Leo ni Jumatatu. Nimenunua mita mbili nyingine, nimezifua zisije zikasinyaa, ziko kwenye kamba. Futi nimeiweka juu ya meza pembeni ya shada. Alhamisi ni tarehe 19, na kuanzia saa nane sitapokea mtu mwingine.