Mwalimu wa Rungwe na zile milioni 210

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rungwe, nina miaka 57. Nikifika 60 nitakuwa nimetimiza miaka 30 kazini. Nyumbani tunatumia kama 700,000 kwa mwezi. Kijana wangu kanipigia hesabu aliyoitoa mtandaoni: ili nistaafu vizuri lazima niwe na mara 25 ya matumizi ya mwaka, yaani milioni 210. Mimi hata milioni 10 benki sina. Nimeshachelewa? Ndaga fijo (asante sana).

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Hesabu ya kijana haina kosa, ila ni ya mtu mwingine. Ilianzia Marekani mwaka 1994, mshauri wa fedha William Bengen alipopekua historia ya hisa na hatifungani za nchi yake (hatifungani ni mkopo unaoikopesha Serikali, nayo inakulipa riba) akitafuta kiasi ambacho mstaafu anaweza kuchota kwa miaka 30 bila akiba kukauka. Akapata kama 4% ya akiba mwaka wa kwanza, halafu kiasi hicho kipandishwe kadiri bei zinavyopanda. Ukigawa 100 kwa 4 unapata ile 25. Sasa, mstaafu wa Bengen anakula akiba yake tu. Wewe una PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na huko ndiko tuanzie.

Kanuni iliyoanza Julai 2022 inachukua wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, inazidisha kwa miezi uliyochangia, inagawanya kwa 580. Mshahara hukuutaja, kwa hiyo nakadiria wastani wa 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Kwa miezi 360 inatoka 8,937,931 kwa mwaka. Hapo inakatwa vipande viwili. Asilimia 40 (kanuni ilipoanza ilikuwa 33) inazidishwa kwa 12.5 na unalipwa kwa mkupuo: kama milioni 44.7. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12: karibu 447,000 kila mwezi, maisha yako yote.

Unatumia 700,000, pensheni ni 447,000. Pengo lako ni 253,000 kwa mwezi. Hilo ndilo la kukunyima usingizi, siyo milioni 210. Hata ukimng'ang'ania Bengen, mara 25 ya pengo hilo kwa mwaka ni kama milioni 76.

Na hapa ndipo mkupuo unapopata kazi. Tuseme milioni 40 umezinunulia hatifungani za Serikali za muda mrefu. Riba hutofautiana: mwaka 2022 ile ya miaka 25 ilishushwa kutoka 15.95% hadi 12.56%, na riba ya hatifungani uliyonunua ndiyo unayokaa nayo mpaka iive. Nikitumia 12%, unapata milioni 4.8 kwa mwaka, kwa awamu mbili za miezi sita sita. Ni 400,000 kwa mwezi. Pengo limezibika na 147,000 imebaki.

Usiile hiyo iliyobaki, Mwalimu. Bei zikipanda 3% kwa mwaka, maisha ya 700,000 ya leo yatadai 940,000 baada ya miaka kumi, wakati pensheni haipandi kila mwaka ikifuatana na bei za soko la Mwanjelwa. Ukirudisha ziada hiyo kwenye hatifungani nyingine, au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ukitaka hela iwe karibu, kwa hesabu yangu utavuka miaka kumi bila kugusa mtaji. Baadaye, ukiwa na miaka sabini na kitu, utaanza kuumega kidogo kidogo, na sioni ubaya wake. Ndiyo kazi yake.

Kununua si kazi ngumu: benki yako au dalali wa soko la hisa anakufungulia akaunti, na Benki Kuu ina tawi hapo Mbeya mjini ukitaka maelezo kwanza. Ukikwama unaweza kuuza kabla ya muda, ila bei ya siku hiyo inaweza isikupendeze.

Najua watakaokushauri vingine. Mjomba wangu alipopata kiinua mgongo chake alinunua lori la mtumba la kubeba mbao kutoka Mafinga. Dereva alikuwa mpwa, injini ilikuwa mgonjwa. Miezi kumi na minne, akabaki na tairi nne uani. Miti nayo watakutajia: misindano ya Mufindi ni biashara nzuri kwa mwenye miaka 35, maana inadai miaka kumi na mitano na zaidi kabla ya shoka. Parachichi za kubebeshwa naziheshimu, tena ardhi yenu inazipenda, lakini zipande sasa kwa mshahara, zikute unastaafu zimeanza kuzaa.

Matibabu sikuyaweka kwenye pengo kwa sababu kadi ya bima ya afya ya NHIF ya mstaafu inamhusu yeye na mwenza wake. Hakikisha tu jina la mwenza wako linasomeka sawasawa kote. Kagua na michango yako PSSSF mwezi kwa mwezi. Kila mwaka mmoja usioonekana kwenye rekodi unakupunguzia karibu 15,000 ya pensheni ya kila mwezi na milioni moja na nusu ya mkupuo. Na akikupigia mtu anataka hela "aharakishe faili lako", kata simu.

Kuna jambo hukuligusa: nyumba. Hesabu yote hii imechukulia kwamba hulipi kodi na kwamba bati liko juu. Kama bado umesimamia kwenye linta, niandikie tena na mshahara wako halisi, pamoja na mkopo wowote unaokatwa. Milioni 15 za kumalizia nyumba zikitoka kwenye mkupuo, hatifungani zinabaki za milioni 25, riba inashuka hadi 250,000 kwa mwezi, na ile ziada ya kurudisha inakuwa haipo tangu mwezi wa kwanza.