Lori linalokosa nguvu kisha linarudi lenyewe: nilivyolikamata

Lori likizima moja kwa moja utahangaika nalo mpaka upate. Linalokosa nguvu kwa dakika 10 halafu likaamka kama halikuwa na lolote, hilo linakufanya uonekane muongo. Ukilifikisha gereji linavuta vizuri, na fundi anakutazama kwa huruma.

Langu ni la zamani, pampu yake ya dizeli haina kompyuta. Natembea saa nzima bila shida, nikifika mlimani na mzigo nakanyaga mafuta hadi chini, injini haiitiki. Haikohoi wala haizimi, inafifia tu. Nashusha gia, nashusha tena, mwishowe naegesha pembeni na kuzima. Nikikaa kidogo nikawasha, linapanda mlima ule ule bila manung'uniko.

Nikabadilisha filta ya dizeli mara mbili, kisha pampu ya kuvuta mafuta. Mtu akasema nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, nikazipeleka kupimwa, zikakutwa nzima. Nilikuwa nanunua vipuri kwa kubahatisha, na kila kipuri kipya kilinipa siku mbili tatu za kujidanganya, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa na kawaida ya kupumzika.

Kilichonitoa hapo ni daftari. Kila lilipokosa nguvu niliandika nimetembea muda gani, tangi lina mafuta kiasi gani, nina mzigo au mtupu, moshi una rangi gani, na nilifanya nini likarudi. Baada ya mara sita hivi nikaona mambo mawili. Halikuwahi kutoa moshi mweusi. Na halikurudi hata siku moja bila kuzimwa.

Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa, kwa hiyo ungekagua filta ya hewa, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), au mpira uliopasuka wa tabo, yaani turbo inayosukuma hewa kwenye injini. (Mpira huo unaweza kuonekana mzima lori likiwa limesimama, ufa hufunguka tabo inaposukuma.) Nguvu ikiisha bila moshi, injini ina njaa ya mafuta. Na kama kuzima ndiyo dawa, basi kuna kitu kinachozibwa na mvuto wa pampu, mvuto ukikoma kinaachia.

Nilianza na mfuniko wa tangi, kwa sababu ni bure. Tundu lake la kupumulia likiziba, dizeli inatoka na hewa haiingii, pampu inabaki kuvutana na tangi. Lori likikosa nguvu, fungua mfuniko hapo hapo. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, umempata mwizi wako. Kwangu kulikuwa kimya.

Kisha nikaunga kipande cha mpira angavu kabla ya pampu nione kama kuna mapovu. Upande huo wa njia unavutwa, hausukumwi, kwa hiyo klipu iliyolegea inaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone la dizeli. Mapovu hayakuwepo.

Jaribio lililomaliza ubishi ni la dumu. Nilijaza dumu dizeli safi, nikalifunga imara mbali na ekzosi, nikalisha pampu kutoka humo kwa mpira mpya. Mpira wa kurudisha mafuta nao niliuingiza kwenye dumu, la sivyo lingekauka upesi. Nikapanda mlima na mzigo mara tatu, na lori halikupungua nguvu hata kidogo. Pampu na nozeli zikawa zimesafishwa jina. Mkosaji yuko kati ya tangi na pampu.

Hapo nusura nikosee. Nilipuliza upepo kwenye mpira wa zamani kuelekea tangini, nikasikia mafuta yakibubujika vizuri, nikasema njia iko wazi. Ilikuwa wazi, ila kwa upande huo tu. Nilipoupasua mpira kwa kisu, ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka kipande cha urefu wa kidole, kimeshikilia upande mmoja. Ukipuliza kuelekea tangini kinalala ukutani. Pampu ikivuta kwa nguvu kinasimama na kuziba. Kwa nje mpira uling'aa kama wa jana.

Haya yote ni ya upande wa mvuto. Kama lori lako ni jipya, usijaribu kulegeza paipu za nozeli injini ikiwaka: presha humo hupita baa 1,000, na dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi. Malori hayo yana ugonjwa mwingine unaofanana na huu. Pedali ya mafuta ina sensa (vihisi) mbili, na kompyuta hulinganisha taarifa zake; zisipokubaliana, inakunyima mwendo kwa makusudi. Ila daftari litasomeka tofauti. Ukiona linakosa nguvu kwenye matuta na mashimo, hata likiwa tupu, achana na mafuta ufuate waya. Anzia kwenye soketi ya pedali, uutikise mkanda wa waya kidogo kidogo injini ikiunguruma, na pale unapopita kwenye chuma ugeuze utazame chini yake kama umechubuka.