Barua kwa mwanangu: mwalimu wa upasuaji alelewe na nani

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Umeniuliza iwapo hospitali yenu iwapangie walimu vijana wa upasuaji walezi wao kwa orodha, au iwaachie wachague wenyewe. Umeniuliza mimi kwa sababu umri wangu wote wa kazi nilisimama kando ya meza ya upasuaji nikikabidhi vifaa, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mkabidhi mkasi ndiye aonaye yote. Lakini kabla ya suala la nani amchague nani, lipo la nani asimlee nani, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Unamkumbuka yule daktari kijana aliyekuwa akija kufuturu kwetu. Alikuwa ndiyo kwanza amepewa wanafunzi. Siku moja aliwaonesha upasuaji wa ngiri, taratibu, akiwauliza jina la kila tabaka kabla ya kulikata. Mkuu wake akaingia, akatazama kidogo, akanyoosha mkono na kumtoa kishikio cha sindano vidoleni, akasema, "Utatuchelewesha." Kijana akarudi nyuma, akaikusanya kifuani mikono yake yenye glavu ili isiguse kitu, akasimama hivyo mbele ya wanafunzi wake mpaka mshono wa mwisho. Mgonjwa alipona, wala sikatai kwamba wagonjwa wa siku ile walikuwa wengi. Kinachoniuma ni kuwa baada ya miaka nilimwona kijana yule yule, sasa naye mkubwa, akinyoosha mkono vile vile.

Ndiyo maana husema, na dada yako hunicheka, kwamba mwalimu naye hulelewa. Kukata na kushona ni ujuzi mmoja. Kumwachia mwingine akate huku wewe umejizuia ni ujuzi mwingine, na wa kwanza hauzai wa pili.

Umenitajia Halsted, yule daktari mpasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, aliyeyapanga mafunzo ya upasuaji kwa ngazi, wengi wakianzia chini na wachache wakifika juu. Sisi wauguzi tunamkumbuka kwa jingine: Caroline Hampton, muuguzi wa chumba chake cha upasuaji, alipobabuka mikono kwa dawa ya zebaki, Halsted alimwagizia glavu za mpira, na mwaka 1890 akamuoa. Shida ya aliye chini yake aliisikia. Lakini tulichokiiga zaidi ni ngazi, na katika ngazi aliye juu yako ndiye mlezi wako na ndiye hakimu wako. Kwetu msichana hapewi mama yake mzazi awe somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, kwani yapo asiyoweza kumwambia. Basi mkuu anayeandika tathmini ya mwalimu kijana ataelezwaje, "Jana mwanafunzi alikata vibaya nami nikaduwaa"?

Hata hivyo najipinga mwenyewe. Hapa Pemba mabingwa wa upasuaji ni wachache. Ukimwondoa mkuu, anabaki nani? Madaktari wa Kichina, ambao timu zao zinakuja Zanzibar tangu 1964, wamefundisha wengi, lakini zamu ikiisha huondoka, na mazungumzo hukatika ndiyo kwanza yamenoga. Labda mlezi awe Unguja au Dar es Salaam, wazungumze kwa simu, na aliye karibu abakiwe na kazi ya kutazama: aambiwe kabla ya kipindi atazame nini, mathalani namna kijana anavyouliza au anavyousubiri mkono wa mwanafunzi, kisha wazungumze siku hiyo hiyo, faraghani, na pasiandikwe kitu. Naye akubali kutazamwa vivyo hivyo, maana mwalimu naye hulelewa, hata mwenye mvi.

Utasema sijakujibu. Ulimi unaniwasha kusema waachwe wachague. Lakini nawajua wenye haya, ambao hawatamwendea mtu yeyote na watabaki peke yao, kwa hiyo nauzuia. Orodha ikiwa haina budi, kila mwalimu kijana apewe haki ya kukataa jina moja bila ya kuulizwa sababu, na wakubwa nao wapewe hiyo hiyo.

Wasalaam,
Mama yako