Kuhusu ile sahihi

Mwanangu,

Barua yako imefika. Mama yako kaisoma kwa sauti mara mbili, maana miwani yangu unaijua. Unauliza ukimaliza nakala yako ya ile picha ya Juan de Pareja aliyoichora Velázquez, uitie sahihi yako pale chini au uiache. Kwanza niambie: kile kivuli cha chini ya shavu umekichanganya na nini?

Nauliza kwa sababu mimi nilitia nyeusi. Wakati ule nikiandika vibao vya maduka pale Tanga, na nyeusi ndiyo rangi iliyouzoea mkono wangu. Nikajisemea, mtu mweusi, kivuli cheusi, basi. Uso ukatoka majivu, kama wa mgonjwa wa homa. Siku nne nakwangua kwa kisu. Ndipo nikaona, kwenye kile kitabu alicholeta ami yako baharia, kwamba kivuli kile kina wekundu ndani yake, udongo mwekundu na kahawia, nyeusi kidogo mno. Miaka yote najinyoa mbele ya kioo, sikuwahi kuuona wekundu huo usoni mwangu. Mkono ndio unaolifundisha jicho. Nimekwambia hivyo tangu ukichora kuku ukutani kwa mkaa.

Wewe una bahati. Unapanda treni ukamtazame mwenyewe pale makumbusho ya Metropolitan, New York, aliko tangu 1971. Mimi nilikuwa na karatasi tu. Velázquez, yule mchoraji Mhispania, alimchora Roma mwaka 1650, Pareja akiwa msaidizi wake na bado mtumwa wake; hati ya kumwacha huru iliandikwa Novemba mwaka huohuo. Husimuliwa kwamba Pareja mwenyewe aliibeba picha ile kuwaonyesha watu, wakawa hawajui waseme na yupi. Mimi naamini, maana bibi yako, Mungu amrehemu, aliingia chumba cha uani na sinia ya chai akasema, "Kumbe una mgeni, na hujaniambia!" Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Labda kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Nikatia sahihi. Jina langu lote, kwa nyekundu, kwa herufi za vibao vya duka. Nikaipeleka kwenye maonyesho. Mzee mmoja wa kofia ya kiua akasimama mbele yake kitambo kirefu, akanigeukia, akasema taratibu, "Nisalimie Velázquez." Kisha akaenda zake kunywa soda.

Hata leo nikiandika haya masikio yanapata moto. Na sikuiba! Kila mguso wa brashi ulikuwa wangu, macho yaliyokesha yangu. Lakini ule mtazamo wa Pareja je? Si mimi niliyeamua amtazame mtu vile, bila kuinamisha kichwa. Wala si mimi niliyeamua kola iwe miguso michache ya nyeupe, ukiikaribia huoni kitu, ukirudi nyuma unaona lesi. Haya, lakini Pareja naye alijifunza wapi, kama si kwa kuutazama mkono wa bwana wake? Mkono ndio unaolifundisha jicho, iwe wako au wa mwenzio. Na mwaka 1661, katika picha yake mwenyewe ya Mathayo akiitwa, alijichora pembeni kushoto, kashika karatasi. Jina lake limo kwenye karatasi ile.

Mama yako ananikanyaga mguu, anasema wewe ni mtu mzima, nikuache uamue. Haya, sisemi. Ila nyuma ya turubai pana nafasi tele.

Ile yangu iko bado nyuma ya kabati, shavu limepasuka. Tabaka la chini nililijaza mafuta ya kitani, la juu nikalipunguza kwa tapentaini. Wewe fanya kinyume. Na nitumie picha ya hicho kivuli, uipige mchana, usiipige kwa taa.

Baba yako